Je, Jeshi Zima Lilikopeshwa?

 Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu wasomaji, wiki hii tumekusudia kuzungumza juu ya mtoto wa kwanza wa mtu mkubwa. Kila mwenye kukaa barazani hapa Vitongoji baada ya sala ya Alasiri anajua kwamba mazungumzo ya biashara hayaendi mbali kabla ya kumfikia mtoto wa fulani. Likipita lori jipya kuelekea Chake Chake, mmoja atauliza ni la nani, na mwengine atajibu bila ya kusita kwamba ni la mtoto wa kigogo. Likianza kunyanyuka jengo la ghorofa mjini, jawabu ni lile lile. Hakuna aliyeona hati, na hakuna anayerudi siku ya pili kuwaambia wenzake kwamba jana alikosea.

Katika zama zetu hizi, mtu aliyesemwa sana kwa namna hiyo ni Ndugu Ridhiwani Kikwete. Tumemchagua si kwa sababu tunataka kumshitaki wala kumtetea. Tumemchagua kwa sababu habari zake zimepita katika kila baraza la nchi hii, na kwa hiyo kila msomaji ataweza kujipima nafsi yake katika yale aliyoyasema au kuyasikiliza.

Ridhiwani alizaliwa mwaka 1979. Baba yake, Mzee Jakaya Mrisho Kikwete, aliongoza Jamhuri ya Muungano wa Tanzania kutoka mwisho wa mwaka 2005 hadi mwaka 2015. Baba alipoingia Ikulu, mtoto alikuwa kijana wa miaka 26. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafanya kazi ya uwakili, na wakati huo huo akapanda katika Umoja wa Vijana wa Chama Cha Mapinduzi. Mwaka 2014, baada ya kufariki aliyekuwa Mbunge wa Chalinze, uliitishwa uchaguzi mdogo. Ridhiwani akagombea na akashinda, baba yake akiwa bado ni Rais. Jimbo hilo ndilo ambalo baba yake aliliwakilisha kabla ya kuwa Rais. Baadaye, katika serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan, aliteuliwa kuwa Naibu Waziri, kisha Waziri.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa na yanayojulikana. Lakini si hayo yaliyozungumzwa sana katika miaka ile kumi. Kilichozungumzwa ni biashara. Kituo cha mafuta kikifunguliwa, kilikuwa chake. Msururu wa malori ukionekana barabarani, ulikuwa wake. Majengo ya Dar es Salaam yaligawiwa midomoni mwa watu kama karanga, na mengi yakaangukia kwake. Yeye mwenyewe alijitokeza hadharani akakanusha, na uvumi ukaendelea kama kwamba hakusema neno. Katika mabaraza tuliyokaa sisi, hakutokea hata mmoja aliyekuja na karatasi ya umiliki mkononi. Tulichokuwa nacho ni kauli za kusikia kwa mtu ambaye naye amesikia.

Dhana na dhuluma ya ulimi

Allah (S.W.) katika Suratul Hujurat, aya ya 6 na ya 12, ametuamrisha tuihakiki habari kabla ya kuifanyia kazi, na ametukataza dhana nyingi, kuchunguzana na kusengenyana. Wanavyuoni wamebainisha tofauti iliyomo. Ukimtaja nduguyo kwa baya alilonalo hali hayupo, hiyo ni ghiba. Ukimtaja kwa baya asilokuwa nalo, huo ni buhutani, nao ni mzito zaidi. Hatukuona katika mafundisho hayo pahala palipoandikwa kwamba mtoto wa Rais amevuliwa haki hii. Heshima ya Muislamu haipungui kwa sababu baba yake ana walinzi mlangoni.

Tunasema haya kwanza kwa sababu ndilo kosa letu sisi wa chini, na mtu huanza kufagia mlangoni kwake. Mzee wa hapa anayekataa katakata kula karafuu ya mwenziwe iliyoanguka mpakani, anaweza akakaa barazani saa nzima akila nyama ya mtu asiyemjua, kisha akanyanyuka kwenda kuchukua udhu wa Magharibi akijiona hana deni.

Hata hivyo, ndugu wasomaji, mtu asije akaifanya aya hiyo kuwa pazia. Wapo wanaoisoma pale tu wanapoulizwa wao, ili swali lisiulizwe tena. Kukatazwa dhana si kukatazwa kuuliza. Na swali la mtoto wa kiongozi anayefanya biashara ni swali la haki, na ni la zamani kuliko nchi yetu.

Mlango uliobaki wazi

Tutazame kwanza namna nchi yetu ilivyolishughulikia. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka masharti ya uongozi. Kiongozi hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni, wala kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, wala kupokea mishahara miwili, wala kuwa na nyumba za kupangisha. Azimio likaeleza kwamba kiongozi maana yake ni yeye pamoja na mke wake, au yeye pamoja na mume wake. Walioandika waliona mbali kwa kumtaja mwenza, kwani waliona kwamba mali ingeweza kuhamishwa kutoka mkono mmoja wa nyumba kwenda mkono wa pili. Lakini mtoto hakutajwa.

Mwezi wa Februari mwaka 1991, Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikutana hapa Zanzibar, chini ya uenyekiti wa Mzee Ali Hassan Mwinyi, na masharti yale yakalegezwa. Watu wakauita uamuzi huo Azimio la Zanzibar. Ikaja kisha Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13 ya mwaka 1995, inayomtaka kiongozi atangaze mali zake, za mwenza wake, na za watoto wake walio chini ya miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa. Zanzibar nayo ikapata sheria yake ya maadili ya viongozi, Namba 4 ya mwaka 2015.

Msomaji ataona kwamba kijana wa miaka 26 hayumo katika tamko la mali la baba yake. Na kwa upande mmoja hilo ni sawa, tena linaafikiana na dini yetu. Mtoto akibaleghe na kupevuka, mali yake ni yake, hesabu yake ni yake, na hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyengine. Si haki kumwambia kijana kwamba asiuze wala asinunue hadi baba yake atoke madarakani. Wapo watoto wa wakubwa wenye akili ya biashara kama walivyo watoto wa wavuvi, na riziki hugawa Allah.

Lakini upendeleo haupiti katika mkono wa baba peke yake. Mara nyingi baba hajui kitu. Ofisa wa chini anayetaka kupanda cheo humwita kijana kwa heshima, humtengenezea njia, humfupishia foleni, humpa mkopo ambao mwengine angeusubiri miaka miwili. Baba hakuagiza, kijana hakuomba rushwa, ofisa hakuiba, na sheria haikuvunjwa. Na bado kuna kitu kimechukuliwa kutoka kwa mtu ambaye hayupo pale: yule kijana mwengine, mwenye hesabu nzuri na jina lisilojulikana, aliyerudishwa mlangoni. Huyu ndiye ambaye mabaraza yetu, pamoja na maneno yote, hayamtaji.

Swali la Sayyidna Umar

Kabla ya Umar, Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliifundisha kanuni hii. Alimtuma mtu anayejulikana kwa jina la Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi, akaigawa mali sehemu mbili, akasema hii ni yenu na hii nimepewa mimi zawadi. Mtume akasimama juu ya mimbari akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa katika nyumba ya baba yake au mama yake, akaona kama zawadi hiyo ingemfuata. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Kipimo chake ni chepesi kushika: ondoa cheo, kisha tazama ni kipi kingebaki.

Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) akakipeleka kipimo hicho hadi kwa watoto wake mwenyewe. Imam Malik ameipokea habari hii katika Muwatta, kwenye mlango wa kiradhi, yaani ushirika ambao mmoja hutoa mtaji na mwengine hutoa kazi. Abdullah na Ubaydullah, watoto wa Umar, walikwenda Iraq pamoja na jeshi. Katika kurudi kwao walimpitia Abu Musa al-Ash'ari, aliyekuwa amiri wa Basra. Abu Musa akawakaribisha, akataka kuwafanyia jambo la kuwafaa. Alikuwa na mali ya umma ya kupeleka Madina kwa Amirul Muuminina. Akawaambia kwamba atawakopesha mali hiyo, wanunue bidhaa za Iraq, wakaziuze Madina, wamkabidhi baba yao mtaji, na faida iwe yao. Wakafanya hivyo, na biashara ikawapa faida.

Tuitazame biashara hiyo kwa macho ya leo. Mtaji ulirudi kamili. Bidhaa zilikuwa za halali, na zilinunuliwa na kuuzwa sokoni. Vijana walifanya kazi kwa mikono yao na wakabeba hatari ya njiani. Ofisa aliyewakopesha alikuwa sahaba mwenye heshima, wala hakutia kitu mfukoni. Baba hakujua. Mkaguzi yeyote angetia sahihi.

Umar aliuliza swali moja tu: je, jeshi zima lilikopeshwa kama mlivyokopeshwa nyinyi? Wakasema hapana. Akawaambia kwamba basi wamekopeshwa kwa kuwa ni watoto wa Amirul Muuminina, na akawataka waitoe mali pamoja na faida yake. Abdullah akanyamaza. Ubaydullah akajenga hoja: kama mali ingepotea au kupungua, si wao ndio ambao wangeilipa? Umar akakariri amri yake. Abdullah akabaki kimya, na Ubaydullah akairejea hoja yake. Ndipo mmoja wa waliohudhuria akashauri jambo hilo lifanywe kuwa kiradhi. Umar akakubali. Akachukua mtaji na nusu ya faida kwa ajili ya umma, na nusu ya pili ikawa ya vijana wake.

Sisi tunaona mafunzo mawili yanayotufaa hapa. La kwanza ni kwamba Umar hakuwaita wezi, kwa sababu hawakuiba. Hakuwavunjia heshima, na hoja ya Ubaydullah ilikuwa na uzito, ndiyo maana mwisho walipata jasho lao. La pili ni kwamba, pamoja na hayo, hakukubali faida ya jina lake ihesabiwe kuwa ni matunda ya kazi yao. Alitenganisha vitu viwili ambavyo sisi tunavichanganya kila siku: jasho la mtoto na kivuli cha baba. Jasho ni la mtoto. Kivuli kimetokana na dhamana ya watu, na kinachopatikana kwa ajili yake hurudi kwa watu.

Wala hilo halikuwa jambo la siku moja. Imepokewa katika Bukhari kwamba Umar aliwapangia Muhajirina wa mwanzo 4,000 kila mmoja, na Abdullah akampangia 3,500. Alipoulizwa sababu naye pia ni Muhajir, akajibu kwamba huyu alihama akiwa amechukuliwa na wazazi wake, hawezi kuwa sawa na aliyehama mwenyewe. Na alipokuwa karibu na mauti, aliruhusu Abdullah ahudhurie shura ya kumchagua khalifa, lakini akaweka sharti kwamba asiwe na fungu katika uongozi huo.

Yaliyotufika sisi

Ni rahisi kuyaelekeza haya Dodoma na Unguja. Nchi yetu ya Zanzibar imewahi kuongozwa na Dkt. Amani Abeid Karume, na sasa inaongozwa na Dkt. Hussein Ali Mwinyi, wote wawili wakiwa ni watoto wa viongozi waliotangulia, kwa hiyo mazungumzo ya baba na mtoto hayatuishi. Lakini sisi tuliomo katika kamati za misikiti tunalazimika kukiri kwamba swali la Umar lilitufikia mlangoni, na mara ya kwanza tulilijibu vibaya.

Msikiti wetu una milango ya maduka ya wakfu, na kodi yake ndiyo inayolipa umeme na kutengeneza pampu ya maji ya udhu. Mpangaji mmoja alihama. Kabla ya wiki kwisha, mtoto wa kwanza wa mmoja wa wazee wetu wa kamati, kijana mwenye adabu na mwenye kujua biashara, akaja kuomba mlango ule kwa kodi ile ile ya zamani. Hakuna aliyepinga. Mzee ametumikia msikiti tangu baadhi yetu tukiwa wanafunzi wa chuoni kwake. Nani angemwambia neno? Jina la kijana likaandikwa katika daftari la kikao, na mwenye kuliandika ni huyu huyu katibu anayekuandikieni leo.

Baada ya Isha, mama mmoja muuza vitumbua alituma mtoto wake kuuliza: mlango ule mmeshautangaza, au bado? Hakusema zaidi ya hapo. Tuliposomewa salamu hizo tulitazamana. Kwa lugha yake, alikuwa ametuuliza lile lile la jeshi.

Tukaufuta uamuzi. Mlango ukatangazwa baada ya sala ya Ijumaa, na kila aliyetaka akaandika kiwango chake katika karatasi iliyofungwa. Zikaja karatasi kadhaa, na ya mama yule ikiwemo. Zilipofunguliwa mbele ya watu, aliyeandika zaidi alikuwa ni yule yule kijana, kwa kodi kubwa kuliko aliyotaka kulipa mwanzo. Akapewa. Leo duka lake linakwenda, na hatujasikia mtu hata mmoja barazani akisema kwamba amelipata kwa ajili ya baba yake. Tangazo lile lilimlinda yeye kuliko lilivyomlinda mtu mwengine yeyote.

Lakini hatutaki kuwaficha wasomaji kwamba haki ina gharama yake. Mzee wetu aliumia. Aliona kwamba tumemtilia shaka yeye na nyumba yake baada ya miaka yote ile. Bado anahudhuria sala, na bado anaitikia salamu zetu, lakini vikaoni haji tena. Tumemwendea nyumbani mara mbili kumuomba radhi, si kwa tangazo, bali kwa kuwa tuliandika jina la mtoto wake kwanza kisha tukalifuta. Kama tungetangaza tangu mwanzo, asingevunjika moyo yeye, wala kijana wake asingetajwa. Aibu ile tuliitengeneza sisi kwa kumstahi mtu pahala pasipokuwa pake.

Kwa hiyo, kwa kila baba mwenye dhamana, iwe ni ya wizara, ya shehia, ya skuli au ya msikiti, tunausia: usisubiri watu waulize. Muulize wewe mtoto wako, tena mapema, akiwa bado anakusikiliza: ulichopewa, na wenzako wamepewa nafasi ya kukipata? Mama naye amuulize, kwani mara nyingi yeye ndiye anayejua mwanzo kwamba kijana amerudi na kitu kipya. Na kijana aliyezaliwa katika nyumba yenye jina asione kwamba kuulizwa ni kutukanwa. Abdullah alinyamaza mbele ya swali la baba yake, na jina lake halikudhoofika. Umma umepokea elimu kutoka kwake hadi leo.

Na sisi wa barazani tuliache neno la kwamba lori lile ni la fulani, tushike swali la Umar badala yake. Uvumi haumrudishii haki yule kijana aliyekataliwa mlangoni, na humtia dhambini anayeutoa. Swali linaloulizwa hadharani, kwa adabu, kwa mwenye kuhusika, kama alivyouliza yule mama wa vitumbua, linaweza kuufungua mlango.

Tunamuomba Allah azitakase kauli zetu na mali zetu, awafanye watoto wetu kitulizo cha macho na si fitna juu yetu, na auunganishe moyo wa mzee wetu na nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.